Beleshi la Murzakan

Ukifunikwa na theluji, tema mate.
Yatakakochuruzikia, huko ndiko chini.
Hivyo tunafunzwa watoto wa Svaneti
kabla hatujaijua herufi moja.

Nikatema. Mate yakapanda shavuni, yakaingia jichoni.
Kumbe kichwa changu kilikuwa chini, miguu juu,
na muda wote ule nilikuwa nikichimba kuelekea kuzimu,
kwa kucha, kwa bidii,
huku najisifu kwamba naendelea.

Hapo nikaacha. Msinipambe: si kwa imani,
ni kwa kuchoka.
Boriti ya zizi ilinibana kifuani.
Ng'ombe wetu alihema karibu yangu,
kisha hakuhema.

Sikusali. Nilimkumbuka Tatarkan,
niliyempiga risasi mwaka wa tisa huo,
kwa ajili ya malisho yenye upana wa kamba mbili,
naye amenipa mgongo, anafunga kiatu.
Tangu siku hiyo tuliishi mnarani,
wanangu wakaliona jua kupitia tundu la bunduki.
Na kila mtu bondeni alijua
deni lile ni la nduguye, Murzakan, kulidai.

Husemwa mchimba shimo hutumbukia mwenyewe.
Haya, nilichimba, nikatumbukia.
Methali imeishia hapo.
Haisemi lolote juu ya aliyechimbiwa
kurudi na beleshi.

Kwanza chuma juu ya barafu: kwaa, kwaa.
Kisha mwanga, mdogo kama tundu la sindano.
Kisha mkono usio na glavu, wenye vidole vinne.
Niliujua. Nilikuwapo, tungali wavulana,
siku msumeno ulipokila kile cha tano.

Nikaurudisha wangu gizani.
Naam. Nilimkimbia mwokozi wangu
mahali pasipo na hata nafasi ya kugeuka.
Nilidhani amekuja kudai.

"Gegi," akasema, "lete mkono. Nimechoka mimi."

Theluji ilipoyeyuka nikaswaga mafahali wawili
mpaka uani kwake. Alikuwa akigongomea ua.
Aliwatazama kama mtu atazamavyo nguo za jirani kambani.
"Warudishe. Wanalima vizuri hao."
"Sasa nitakulipa nini?"
"Mle ndani ulikuwa na beleshi?"
"Sikuwa nalo."
"Basi."
Akachukua msumari mwingine.

Msidhani ilikuwa bure.
Bure ilikuwa kwangu.
Yeye, ukoo wake walimtemea mate mlangoni,
binamu zake wakaacha kula naye,
na mama yake, Dzabuli, alimwekea mkate wake nje,
juu ya jiwe, miaka mitatu,
kama awekewavyo mbwa.
Nilimwona akiula amesimama.
Deni halikufutwa kwa upepo.
Lilihama tu mabega.

Pasaka moja Baba Ilarioni alisoma
kwamba Kristo alitufia tungali adui zake.
Hakusema rafiki. Hakusema waliojirekebisha.
Watu wakakohoa, kanisa letu ni dogo na lina baridi.
Mimi nilikuwa nikiutazama mshumaa
ulioshikwa na vidole vinne,
nta ikimdondokea, naye haufuti mkono.
Neno lile nililisikia tangu utotoni
nikidhani ni jina lingine la mvua na mavuno mema.
Sikujua kwamba lina malengelenge.

Siku hizi kukianguka theluji
naamka kabla ya jogoo, nasafisha njia ya Dzabuli
mpaka kisimani. Hanisalimu.
Simlipi; kulipa nilijaribu, nikarudishwa na mafahali wangu.
Ni kwamba mtu aliyefukuliwa
hawezi kuliona beleshi limeegemea ukuta
akalipita.

Na bado kuna usiku nashtuka,
dari imenikalia kifuani, sijui juu wala chini.
Natema mate kiganjani.
Nasubiri yachague njia.
Kisha nanyoosha mkono upande wa pili.